Kunyooshwa Viungo kwa Malipo: Tathmini ya Huduma, Vifaa na Bajeti Yake Hapa Minnesota

Katika miaka ya karibuni zimefunguliwa hapa Marekani studio nyingi zenye kazi moja tu: mteja analazwa juu ya meza pana, mhudumu aliyefunzwa anamnyoosha miguu, nyonga, mgongo na mabega kwa muda uliopangwa, kisha mteja analipa na kwenda zake. Hapafanywi masaji, hapanyanyuliwi vyuma, wala mtu hatoki jasho. Kwa sisi wazungumzaji wa Kiswahili tunaoishi vitongoji vya Minneapolis kama Brooklyn Park na Brooklyn Center, ambao wengi wetu tunafanya zamu ndefu za kuwahudumia wazee na wagonjwa, tangazo la studio ya namna hii halipiti bila kutazamwa mara mbili. Anayemgeuza mgonjwa kitandani usiku kucha anajua kiuno kinavyokaza asubuhi, hasa wakati wa baridi kali, anapotoka kazini na kukaa garini kabla injini haijapata moto.

Nimeitumia huduma hii kama mwanachama anayelipa kila mwezi, na nimenunua vifaa vya kujinyoosha nyumbani, vya bei ndogo na vya bei kubwa kidogo. Nataka kueleza kwa uwazi kile ambacho fedha hizo zinanunua na kile ambacho hazinunui, kwa sababu nimeona ndugu zetu wakijifunga kwenye mikataba ya mwaka mzima kabla hata ya kujua mwili wao unahitaji nini.

Kampuni mbili zinazojulikana zaidi katika biashara hii ni StretchLab, iliyoanza mwaka 2015 mtaa wa Venice jijini Los Angeles, na Stretch Zone iliyoanzia Florida. StretchLab huuza vikao vya dakika 25 na vya dakika 50. Zote mbili huendeshwa kwa mtindo wa kukodisha jina, yaani kila tawi lina mmiliki wake, na ndiyo maana bei ya mji mmoja inaweza kutofautiana na ya mji wa jirani. Studio niliyokuwa naenda mimi si ya kampuni hizo; ni ya mtu binafsi, na sitaitaja jina kwa kuwa nina malalamiko nayo kuhusu malipo, ingawa sina la kulalamika kuhusu mikono ya wahudumu wake.

Kikao chenyewe ni kizuri, na nalisema hili bila kusitasita. Mhudumu huanza kwa kuuliza maumivu yako wapi, umewahi kufanyiwa upasuaji gani, na kazi yako inakufanya usimame, uketi au uiname. Kisha hukulaza chali, hufunga paja la mguu mmoja kwa mkanda mpana ili nyonga isinyanyuke mezani, na mguu wa pili huunyanyua ukiwa umenyooka mpaka unapohisi msuli wa nyuma ya paja unavutika. Hapo anakuuliza utaje namba, kuanzia 1 hadi 10, kuonyesha jinsi mvuto ulivyo mkali. Ukishataja, anakuambia uusukume mguu wako dhidi ya bega lake kwa sekunde chache, kana kwamba unataka kuurudisha chini, huku yeye akikuzuia. Unaposhusha pumzi na kulegea, mguu ule ule uliokuwa umekomea kwenye pembe fulani unakubali kwenda mbele zaidi bila kulazimishwa. Mara ya kwanza mtu hushangaa, maana ni mguu wake mwenyewe na hakujua kwamba una nafasi hiyo.

Mbinu hiyo ya kusukuma, kulegea na kusogea si uvumbuzi wa studio hizi. Asili yake ni matibabu ya viungo: daktari Herman Kabat na mtaalamu wa tiba ya viungo Margaret Knott waliiendeleza katika miaka ya 1940 hapa Marekani, wakiwahudumia watu waliopooza. Naieleza historia hii kwa sababu ina uzito katika bajeti. Ujuzi ambao studio inauza si siri ya mtu, na sehemu yake kubwa inaweza kufundishwa kwa mtu wa kawaida aliyelala sakafuni kwake akiwa na mkanda mkononi. Kile ambacho huwezi kujipa mwenyewe ni jicho la mtu wa pili, anayeona kwamba unakunja goti bila kujua, au kwamba nyonga yako ya kushoto inazunguka kila unaponyanyua mguu wa kulia.

Hapo ndipo tathmini yangu inapoegemea. Studio ni mwalimu mzuri sana, lakini ni mbadala hafifu wa mazoezi ya kila siku. Nafuu unayoipata mezani huanza kupungua baada ya muda mfupi, na kinachobadilisha urefu wa hatua zako na wepesi wa kuinama ni kurudia, siku baada ya siku, kwa majuma. Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kinashauri kila kundi la misuli linyooshwe angalau siku 2 au 3 kwa juma, kila mvuto ushikiliwe sekunde 10 hadi 30, mpaka jumla ifike sekunde 60 hivi kwa kila zoezi, na kinaongeza kwamba kufanya kila siku kuna manufaa zaidi. Utafiti wa William Bandy na wenzake uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba kushikilia mvuto wa nyuma ya paja kwa sekunde 30, mara moja kwa siku, siku 5 kwa juma, kwa majuma 6, kulileta matokeo sawa na kushikilia sekunde 60. Sekunde 30 hakuna asiyekuwa nazo. Ila studio unayoiendea mara moja kwa juma haiwezi kukupa siku hizo 5, hata wahudumu wake wawe hodari namna gani.

Pia nisingependa mtu alipe akitarajia yasiyokuwapo. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2011 yalikuta kwamba kujinyoosha kabla au baada ya mazoezi hakupunguzi maumivu ya misuli ya siku zinazofuata kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo mhudumu anayeahidi kwamba hutaumwa kabisa baada ya kubeba mizigo anauza zaidi ya alichonacho. Ahadi ya kweli ni nyepesi zaidi: viungo vitafunguka, utainama kwa urahisi zaidi, na utatoka ukiwa umetulia.

Sasa bei. Katika studio yangu kikao kimoja cha dakika 25 kilikuwa dola 55, na cha dakika 50 kilikuwa dola 100. Uanachama wa vikao 4 vifupi kwa mwezi ulikuwa dola 180, maana yake dola 1.80 kwa kila dakika badala ya 2.20. Kwa mtazamo wa haraka hilo ni punguzo, na ndivyo linavyoelezwa pale mapokezi. Lakini punguzo hilo lina masharti yake. Kikao usichokitumia ndani ya mwezi kilikuwa kinafutika, jambo ambalo kwa mtu mwenye zamu zinazobadilika ni hasara ya mara kwa mara, kwani mwajiri akikuita kuziba pengo Jumamosi huwezi kumwambia una miadi ya kunyooshwa. Ukiahirisha chini ya saa 24 kabla, kikao kinahesabiwa kuwa kimetumika. Na unapolipa, kioo cha mashine ya kadi hukuwekea bahashishi ya asilimia 18, 20 au 25, huku mhudumu amesimama mbele yako. Asilimia 20 ya dola 55 ni dola 11. Mtu anayekusudia kwenda kila juma aiingize kwenye hesabu tangu mwanzo. Mimi niliamua kutoa dola 5 taslimu kwa mhudumu mwenyewe, na hakuna aliyeninunia.

Malalamiko yangu yanahusu kujitoa. Nilimwarifu msichana wa mapokezi kwa mdomo kwamba sitaendelea, akaniitikia vizuri na kunitakia heri, kisha mwezi uliofuata nikakatwa dola 180 nyingine. Nilipouliza, nikaonyeshwa kifungu kinachodai taarifa ya maandishi siku 30 kabla. Fedha haikurudi. Mapokezi walipaswa kunitajia kifungu hicho siku ile ile niliposema naondoka, na studio inayojali wateja wake ingefanya hivyo. Kwa hiyo anayejiunga popote pale asome kwanza ukurasa wa kujitoa, na taarifa yake aipeleke kwa barua pepe ili abaki na ushahidi wenye tarehe.

Wengi huniuliza kama akaunti za afya za kazini, zile za HSA na FSA ambazo fedha zake za matibabu hazikatwi kodi, zinaweza kulipia huduma hii. Mamlaka ya kodi ya Marekani ilitoa onyo Machi 2024 ikikumbusha kwamba matumizi ya kuboresha afya kwa jumla si gharama za matibabu. Studio ya kunyooshwa, kwa hali ya kawaida, inaingia katika kundi hilo. Mlango unafunguka pale daktari anapoandika barua inayotaja ugonjwa mahususi na kueleza kwamba huduma hiyo ni sehemu ya matibabu yake, na hata hapo inafaa umuulize msimamizi wa akaunti kabla ya kulipa. Kuhusu vifaa kanuni ni hiyo hiyo.

Tukija kwenye vifaa, kile kilichonifaa kuliko vyote ni mkanda. Nazungumzia mkanda wa nailoni usiovutika, wenye vitanzi vilivyoshonwa kimoja baada ya kingine kuanzia ncha hadi ncha. Ule wa kampuni ya OPTP, ambayo ni ya hapa hapa Minnesota, una vitanzi 10, na wangu niliupata kwa dola 18. Thamani yake iko kwenye vitanzi. Unapolala chali na kuingiza unyayo katika kitanzi kimoja, mikono inashika vitanzi vya juu bila kukaza vidole, na kila baada ya siku kadhaa unaweza kuhamia kitanzi kinachofuata, ukaona kwa macho umesogea kiasi gani. Mbinu ya mhudumu pia inawezekana: unausukuma unyayo dhidi ya mkanda kwa sekunde chache, unashusha pumzi, unauvuta mguu kidogo. Kabla ya kununua nilikuwa natumia kanga. Kanga ina urefu wa mita moja na nusu hivi, na ukiikunja kwa marefu yake mara kadhaa unapata utepe imara unaozunguka unyayo vizuri bila kuukata. Ni mwanzo mzuri kwa asiyetaka kutoa hata senti. Udhaifu wake ni kwamba pamba huteleza viganjani, hivyo unajikuta umekaza mabega ili usiiachie, na mabega ndiyo uliyotaka yalegee.

Mkeka wa mazoezi nao ni wa lazima kwenye sakafu za mbao au zulia jembamba. Unene wa milimita 6 unatosha magoti na uti wa mgongo. Mikeka ya gharama, kama ile mizito ya kampuni ya Manduka inayozidi dola 100, ni bora na hudumu miaka mingi, lakini imekusudiwa watu wanaosimama juu yake na kutoa jasho. Kwa kujinyoosha ukiwa umelala, mkeka wa dola 25 kutoka maduka kama Target au Marshalls unafanya kazi ile ile.

Rola ya povu inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu za bei rahisi zinafanana na nzuri kwa sura tu. Rola nyeupe za povu laini hubonyea haraka; baada ya miezi michache ya uzito wa mtu mzima hupata umbo la yai. Rola nyeusi za povu lililoshindiliwa, au zile zenye bomba gumu ndani na povu nje, hubaki na umbo lake. Dukani, ibonyeze kwa dole gumba kwa nguvu na uachie: povu likibaki na alama, irudishe rafuni. Nzuri inapatikana kwa dola 30. Hata hivyo, rola haikunyooshi, inakanda. Wanaotarajia iongeze urefu wa msuli kwa kuipitisha mgongoni dakika moja hawatapata wanachokitafuta, ila kuipitisha kwenye mapaja kabla ya kushika mkanda kunasaidia mwili kukubali. Matofali mawili mepesi ya yoga, dola 12 kwa jozi, yanamfaa asiyefika chini kwa mikono anapoinama. Kwa shavu la mguu sioni haja ya kununua chochote, maana ngazi ya kushukia chini ya nyumba inatosha: simama kwa nusu ya mbele ya unyayo, shikilia reli, shusha kisigino pole pole.

Kuna vitu ambavyo nashauri viachwe dukani. Meza za kuning'inia kichwa chini hugharimu mamia ya dola na hazifai kwa mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa presha ya macho, na katika jamii yetu wenye shinikizo la damu si wachache. Bunduki za masaji zinapendeza, lakini kazi yake ni kukanda, na ndiyo kazi ya rola yenye bei ndogo. Mikanda ya mpira ina kazi yake katika kujenga nguvu. Kwa kujinyoosha, mpira unaovutika hukunyima kujua umefika wapi, na ukianza kupata nyufa unaweza kukatika ukakupiga usoni.

Nikiziweka hesabu pamoja, mkanda, mkeka, rola na matofali vinafika dola 85, mara moja tu. Uanachama wa dola 180 kwa mwezi, pamoja na dola 5 za bahashishi kwa kila kikao, unafika dola 2,400 kwa mwaka, na unakupa dakika 100 za kunyooshwa kila mwezi. Dakika 10 kila usiku nyumbani ni dakika 300 kwa mwezi. Mpango ninaoupendekeza kwa mtu mwenye afya ya kawaida ni kununua vikao 3 virefu bila kujiunga, vikiwa vimeachana kwa majuma mawili, na kumwambia mhudumu tangu mlangoni kwamba umekuja kujifunza: akuonyeshe mazoezi matano au sita yanayolingana na kazi yako, nawe uyarudie mbele yake kwa mkanda wako mwenyewe. Baadaye unarudi kwa kikao kifupi kila baada ya miezi mitatu ili akukague. Vikao virefu dola 300, vifupi vitatu dola 165, bahashishi dola 30, vifaa dola 85. Jumla dola 580 kwa mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili hata nusu ya hizo haifiki. Dola 1,820 zinazobaki ni ada ya mtoto nyumbani, au ni zamu kadhaa ambazo mwili hautalazimika kuzifanya.

Mpango huu haumfai kila mtu. Mwenye ganzi inayoshuka mguuni, maumivu yanayomwamsha usiku, au aliyebadilishiwa nyonga, asianzie studio. Wahudumu wa studio hawana mamlaka ya kutambua ugonjwa, na mafunzo yao ni ya saa au majuma, ilhali mtaalamu wa tiba ya viungo ana shahada na leseni ya jimbo. Majimbo yote 50 yanaruhusu kwa namna moja au nyingine kumwona mtaalamu huyo bila barua ya daktari, ingawa bima yako inaweza kuwa na sharti lake, na malipo ya bima kwa kikao yanaweza kuwa chini ya dola 55 za studio. Mwenye ganzi katikati ya mapaja, au anayeshindwa kuzuia haja, aende hospitali siku hiyo hiyo. Wajawazito na wenye mifupa dhaifu nao wamuulize daktari kwanza. Asiyeweza kumudu hata vikao 3 aulize YMCA, ambayo ina madarasa ya kujinyoosha na husaidia kifedha wenye kipato kidogo.

Wapo pia ambao kwao uanachama wa kila mwezi una haki ya kuitwa matumizi mazuri. Wazazi wetu wanaokuja kuishi nasi, ambao hawawezi kulala sakafuni na kuinuka wenyewe, hufaidika na meza iliyo kwenye kimo cha nyonga na mikono ya mtu mwingine. Kwao ningeomba mhudumu awe yule yule kila mara, miadi iwe mchana barabara zikiwa zimeondolewa barafu, na kikao kiwe cha dakika 25, kwani mtu mzima huchoka kulala chali kabla dakika 50 hazijaisha. Ningeomba pia niruhusiwe kukaa ndani ya chumba, ili mama akiulizwa mvuto ni namba ngapi awepo wa kumfasiria, maana wazee wetu hujibu "sawa tu" hata wanapoumia.